Transfa ya Gari Kuukuu la 4x4: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Masika yakianza Nairobi, maswali huwa ni yaleyale: mkono mdogo wa gia unafanya nini, mbona umegoma kurudi, na je, gari lililonunuliwa kwenye mnada wa magari ya serikali linavuta mbele kweli au mkono ni pambo tu. Nimeyakusanya hapa. Nina Land Rover Series III, kwa hiyo nikiegemea upande wa Land Rover mnisamehe. Mengi ya yanayoharibika huharibika kwa sababu mwenye gari alishika mkono kabla ya kujua ana transfa ya aina gani. Kama una haraka, soma swali la 4 kwanza.

## Mambo ya msingi

1. Transfa ni nini, na iko wapi?

Ni kasha la gia linalopokea nguvu kutoka kwenye giaboksi na kuigawa kwa propela mbili (shafti ndefu za chini ya gari), moja ya difu ya nyuma na nyingine ya difu ya mbele. Difu ni gia zinazogawa nguvu pande mbili na kuziachia zizunguke kwa mwendo tofauti. Kwa kawaida imefungwa nyuma ya giaboksi, chini ya sakafu, usawa wa viti vya mbele. Suzuki SJ na binamu yake Maruti Gypsy ni tofauti: transfa yao inaning'inia peke yake, na kipropela kifupi huiunganisha na giaboksi. Ukilala chini ya Gypsy utahesabu propela tatu.

Kazi yake ya pili ni kukupa gia nzito. Transfa ya Hilux ya zamani ya diseli, ile ya gia tupu isiyo na cheni, hugawanya mwendo kwa 2.28 ukiweka L, yaani gia nzito. Injini ikizunguka vilevile, mwendo ambao kwa H, yaani mwendo wa kawaida, ungekuwa kilomita 20 kwa saa huwa karibu 9, na nguvu kwenye tairi huongezeka kwa kiasi hichohicho. Gypsy ina kioja chake: hata H yake inapunguza mwendo kwa 1.409, na L kwa 2.268. Tofauti ya H na L ni ndogo, ndiyo maana mwenye Gypsy huweka L na kuona kama hakuna kilichobadilika.

2. Subaru yangu inavuta magurudumu yote. Transfa yake iko wapi?

Haina transfa ya aina tunayoizungumzia hapa. Subaru Forester hugawa nguvu ndani ya giaboksi, na RAV4 au X-Trail zina kasha dogo tu la kupeleka nguvu nyuma, bila gia nzito. Ni magari mazuri kwa njia ya Kikuyu yenye utelezi, lakini ukurasa huu si wa magari hayo.

3. Herufi kwenye kirungu cha mkono zina maana gani?

H2 ni mwendo wa kawaida, nyuma pekee inavuta. H4 ni mwendo wa kawaida, mbele na nyuma. N ni huru, hakuna tairi linalopata nguvu (soma swali la 17 kabla ya kuichezea). L4 ni gia nzito, mbele na nyuma. Magari mengine huandika 2H, 4H na 4L, na maana ni ileile.

Ukikuta H na HL, kisha LL, kama kwenye Prado nyingi, L ya pili inamaanisha difu ya kati imefungwa (soma swali la 4). Pajero za Super Select, zenye difu ya kati na pia uwezo wa kuzima mbele, huandika 2H, 4H, 4HLc na 4LLc, na hiyo Lc nayo ni kufunga difu ya kati.

4. Tofauti ya transfa ya kuchagua na ya kudumu ni ipi, na kwa nini kila mtu anaisisitiza?

Gari likikata kona, tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma. Chora alama za matairi kwenye vumbi utaona. Kwa hiyo propela ya mbele inataka kuzunguka mara nyingi kuliko ya nyuma.

Transfa ya kudumu ina difu ya tatu katikati, ambayo huziachia propela mbili zitofautiane. Gari hilo huvuta kwa magurudumu manne siku zote, hata Thika Road kukiwa kukavu, bila madhara. Unapokwama, unafunga difu ya kati ili propela zizunguke sawasawa.

Transfa ya kuchagua haina difu hiyo. Ukiweka H4, propela zimefungwa pamoja kabisa. Kwenye tope hakuna neno, kwa sababu tairi huteleza kidogo na tofauti ile ikapotea. Kwenye lami kavu tairi halitelezi, hivyo mkazo unabaki ndani ya shafti, krosi (viungo vya propela) na gia, ukiongezeka kila kona. H4 ya gari la kuchagua na 4H ya Super Select zinafanana kwa jina tu. Ya kwanza ni marufuku kwenye lami. Ya pili imetengenezwa kwa ajili yake, mradi usifike 4HLc.

## Kutambua transfa yako

5. Naweza kuitambua bila kulala chini ya gari?

Mara nyingi. Angalia katikati ya magurudumu ya mbele. Ukiona habu (vitovu vya magurudumu) zenye kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa FREE, yaani gurudumu limeachiwa na ekseli, na LOCK, yaani limefungwa nayo, gari lako karibu hakika ni la kuchagua. Kisha soma kirungu: penye H2 au 2H una uwezo wa kuzima mbele. Pasipo na namba 2 popote, mara nyingi ni la kudumu.

Kirungu lakini huchakaa, na kilichopo huenda kilitoka gari jingine. Usikiamini peke yake.

6. Magari tunayoyaona hapa Nairobi yapo upande gani?

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile zinazobeba watalii, polisi na mashirika, ni za kuchagua. Kadhalika Land Cruiser 60, Hilux za habu, Nissan Patrol Y60, Suzuki SJ na Gypsy. Land Cruiser 80 nyingi ni za kudumu, na ukiweka L difu ya kati hujifunga yenyewe. Pajero ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 1991, mara nyingi ni Super Select, aina inayochanganya njia zote mbili.

Land Rover ndiyo inayowapoteza watu. Series II, IIA na III ni za kuchagua. One Ten, iliyotoka mwaka 1983 na baadaye ikaitwa Defender, hutumia transfa ya LT230 ambayo karibu zote ni za kudumu. Kwa mbali zinafanana, na Series III iliendelea kuundwa hadi mwaka 1985, kwa hiyo mwaka kwenye logbuku hausaidii sana. Chungulia springi: za majani ni Series, za koili ni One Ten au Defender.

7. Kuna jaribio la kuhakikisha?

Lipo, na linahitaji jeki tu. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, zima injini. Funga habu zote mbili kama unazo. Inua gurudumu moja la mbele na uweke stendi chini ya ekseli.

Weka transfa kwenye H2, au H kama ni ya kudumu, na giaboksi kwenye gia ya kwanza. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likizunguka pamoja na propela ya mbele, transfa ni ya kuchagua. Likigoma, ni ya kudumu.

Sasa toa gia, giaboksi ibaki huru. Weka H4, au ufunge difu ya kati, huku msaidizi akitikisa gurudumu kidogo ili meno yashikane. Gurudumu linapaswa kukataa kuzunguka. Likiendelea kuzunguka, una mkono unaocheza bila kazi: habu moja imekufa, uma wa ndani haufiki, au ekseli ya mbele imekatika. Nimeona jaribio hili likishusha bei ya gari palepale barabarani, muuzaji akitazama pembeni.

8. Nahitaji spea. Nitajuaje transfa ni ya modeli gani hasa?

Toyota zina kibati kwenye ukuta wa injini chenye mstari wa TRANS/AXLE, unaotaja aina ya giaboksi na ekseli gari lilipotoka kiwandani. Kwenye LT230 namba imegongwa kwenye kasha lenyewe. Hiyo ni muhimu kwa sababu LT230 zinafanana kwa nje lakini H ya Defender kwa kawaida ni 1.41 na ya Discovery ni 1.22. L ya zote ni 3.32. Ukifunga ya Discovery kwenye Defender yenye tairi kubwa utalia kila ukipanda mlima wa Limuru.

Magari kuukuu yaliyopo nchini yamekaa hapa miaka mingi, kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Mengine yaliunganishwa hapahapa, Thika au Mombasa, na yamepita mikono ya mafundi wengi. Kibati kinakwambia lilivyozaliwa tu. Ukienda Kirinyaga Road, wengine bado huiita Grogan, beba kifaa cha zamani mkononi. Picha ya simu haitoshi, meno ya gia hayahesabiki kwenye picha.

## Kuitumia

9. Land Rover yangu ya Series ina mikono mitatu. Nianze wapi?

Mrefu ni wa giaboksi. Wenye kirungu cha njano ukiubonyeza chini unaingiza magurudumu manne kwenye mwendo wa kawaida. Mwekundu ukiuvuta nyuma unaingia gia nzito, na mbele huingia yenyewe.

Ajabu iko kwenye kutoka. Wa njano haupandi kwa kuvutwa. Simama, vuta mwekundu nyuma, kisha usukume mbele hadi mwisho, na wa njano utaruka juu wenyewe. Watu wameukunja ule wa njano kwa kuung'ang'ania.

10. Habu za mbele nizifunge lini?

Kabla ya kufika kwenye tope, gari likiwa limesimama, na zote mbili. Habu moja ikiwa FREE, difu ya mbele hupeleka nguvu kule kusikoshika na hupati kitu. Kuzifunga huku ukiwa H2 hakuharibu chochote, hata kwenye lami: unazungusha tu vyuma vya mbele bure na kula mafuta zaidi kidogo. Ukiondoka mjini asubuhi kwenda Suswa, zifunge ukiwa bado na viatu safi.

Zifunge pia kwa kilomita chache kila mwezi hata ukiwa mjini, ili oili ifike kwenye gia za mbele.

11. Lazima nisimame ili kubadilisha?

Kwa H2 kwenda H4, habu zikiwa zimefungwa, gari nyingi hukubali ukiwa unakwenda polepole na moja kwa moja, mguu umeachia mafuta. Usifanye hivyo tairi za nyuma zikiwa zinateleza, kwani meno yataumana. Pajero ya Super Select huruhusu 2H kwenda 4H chini ya kilomita 100 kwa saa. Kwenda L simama kabisa, klachi chini, au giaboksi kwenye N kama ni ya otomatiki. Ikigoma, achia klachi kidogo giaboksi ikiwa huru, bonyeza tena, jaribu. Usipige mkono teke.

12. Mvua kubwa, nateremka Mai Mahiu. Niweke H4?

Kwa gari la kuchagua, hapana. Lami iliyolowa bado inashika tairi, na zile kona zitajaza mkazo ndani ya shafti. Shuka kwa H2, gia ya tatu au ya pili, taratibu. La kudumu liache lilivyo, difu ya kati ikiwa wazi.

13. Na kwenye udongo mweusi wa Kitengela na Isinya?

Hapo ndipo transfa hula mshahara wake. Ingiza H4 kabla ya tope, si baada ya kuzama hadi ekseli. Udongo ule hujaza meno ya tairi ukawa kama umefunga viatu vya sabuni, kwa hiyo mwendo usiokatika unafaa kuliko nguvu. Mimi hutumia L na gia ya tatu: nguvu ipo, na sihitaji kubadilisha gia katikati. L na gia ya kwanza huzungusha tairi papo hapo na kuchimba kaburi. Punguza upepo wa tairi pia, ukiwa na pampu ya kuurudisha.

14. Kuteremka njia mbovu kwa L kunasaidia nini?

Injini hushikilia gari ili breki zisichemke. Kwenye mteremko wa mawe weka L, gia ya kwanza, toa mguu kwenye klachi na uuweke sakafuni mbali na vishawishi.

## Inapokataa

15. Mkono umekwama kwenye H4 na usukani ni mzito. Transfa imekufa?

Pengine haijafa. Ni ule mkazo wa swali la 4. Mwaka mmoja nilitoka Kona Baridi, nikasahau kutoa magurudumu manne, na nilipofika karibu na Bomas gari lilikuwa linakata kona kama trela. Mkono mwekundu haukusogea. Fundi wa kwanza aliniambia transfa lazima ishuke, na alishaanza kutafuta spana. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai pembeni akasema, "Kijana, rudi nyuma kwanza." Nilirudi nyuma mita kama kumi, moja kwa moja, kukasikika mlio wa 'tak', na mkono ukaachia. Chai yake niliilipia mimi.

Ukirudi nyuma na bado imegoma, pandisha tairi za upande mmoja kwenye changarawe kando ya barabara, usogee mbele na nyuma. Kinachoshindikana baada ya hapo ndicho cha fundi.

16. Taa ya 4x4 kwenye dashibodi inawaka na kuzimika bila kutulia. Nini hicho?

Kwenye Pajero, na Toyota zinazounganisha mbele kwa nguvu ya vakyumu, anza na vimipira vyembamba vinavyokwenda kwenye difu ya mbele. Jua na vumbi huvipasua. Kimpira cha bei ndogo kimewafanya watu wanunue transfa nzima. Swichi zilizo kwenye kasha la transfa ndizo za pili kukaguliwa.

## Ya pembeni, lakini yenye hatari

17. Gari liliondoka lenyewe nikiwa nimeliacha kwenye P. Inawezekanaje?

Transfa ilikuwa kwenye N. P, au gia ya kwanza kwa gari la klachi, hufunga giaboksi. Transfa ikiwa huru, giaboksi haina uhusiano na tairi. Kinachobaki ni breki ya mkono tu.

Kwa Land Rover za Series na Defender kuna jambo jingine. Breki ya mkono haishiki tairi, inashika propela ya nyuma pale inapotoka kwenye transfa. Inua tairi moja la nyuma kwa jeki na difu itaruhusu lile la hewani lizunguke, huku la chini likibingirika. Gari linakuangukia. Weka mawe, au ufunge difu ya kati kama unayo na gari liwe kwenye gia. Mawe weka hata hivyo.

18. Gari linapiga 'klonk' nikiondoka na nikiachia mafuta.

Krosi za propela kwanza, ni rahisi kukagua. Kwenye LT230 iliyofungwa na giaboksi ya R380, shuku meno ya ndani ya gia ya kuingilia. Yalikuwa hayapati oili ya kutosha, yakaliwa hadi siku moja injini inanguruma na gari halisogei. Gia mpya zina matundu ya kupitisha oili, kwa hiyo ukibadilisha dai hiyo yenye matundu.

Mkono unaoruka wenyewe ukiachia mafuta mteremkoni huashiria beringi au shafti ya kati iliyochakaa. Usiushikilie kwa mpira wa tyubu.

19. Oili ya transfa inapungua, lakini chini hakuna tone.

Angalia giaboksi. Sili iliyo kati yake na transfa ikichoka, oili huhama: moja inapungua, nyingine inafurika. Mara nyingi oili zenyewe ni tofauti. LT230 hutaka EP90 (oili nzito ya gia), Range Rover zenye transfa ya cheni ya Borg Warner hutaka ATF (oili ya giaboksi za otomatiki). Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, usije ukaimwaga yote kisha ukakuta ya kujazia imeganda.

Oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kasha lenye joto likizama ghafla mtoni hupoa na kufyonza maji kupitia sili, hasa kijibomba cha kupumulia kikiwa kimezibwa na tope.

20. Tairi mbili mpya mbele, mbili kuukuu nyuma. Kuna shida?

Kwa H2, kidogo. Kwa H4, tairi za vipimo tofauti huzalisha mkazo hata ukienda moja kwa moja. Kwa gari la kudumu difu ya kati hufanya kazi bila kupumzika. Linganisha zote nne.

21. Propela ya mbele imetolewa. Naweza kufika nyumbani?

Gari la kuchagua, ndiyo, kwa H2. La kudumu halitasogea kwa kuwa difu ya kati itamwaga nguvu yote kule kusiko na kitu. Funga difu ya kati na litaondoka kwa nyuma pekee. Ujanja huohuo hukuokoa propela ikikatika Magadi, mbali na fundi yeyote.

22. Series yangu ina injini ya Toyota. Transfa nayo ni ya Toyota?

Huenda si ya Toyota. Wengi huunganisha injini ngeni na giaboksi ya Land Rover kwa bamba la katikati, transfa ikabaki ileile. Wengine hubadilisha vyote. Mikono ya njano na nyekundu ikiwepo na inafanya kazi kama swali la 9 linavyosema, spea za transfa yako bado ni za Land Rover. Ila kumbuka kwamba injini ya diseli yenye nguvu kuliko ya awali huila transfa ile mapema, hasa kwa L na gia ya kwanza.